Akija, Tumchinjie Kuku

Baba Luhende,

Habari za huko sizijui, kwa hiyo naanza na za hapa. Mvua zilichelewa, kisha zikaja zote kwa pamoja, na mahindi ya upande wa bondeni yamelala. Mpunga haujambo. Yule ng'ombe wako wa pembe moja amezaa dume, na dume lenyewe lina tabia zako, halitaki kusogezwa. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto. Naandika kwa herufi kubwa maana najua ulivyokuwa unasoma, polepole, kidole kikifuata mstari, na ukikatizwa unarudi mwanzo. Soma tu. Hakuna wa kukukatiza sasa.

Katekista ndiye aliyeniambia niandike. Anasema wako wajane huwaandikia marehemu wao na mioyo yao hupumzika. Moyo wangu haujachoka kiasi hicho, namshukuru Mungu, lakini kuna neno tuliliacha katikati mimi na wewe, na unajua sipendi kazi ya kuachwa katikati. Ni habari ya mwanao Luhende.

Nianzie mbali kidogo. Luhende alipopata ile bahati nasibu ya viza akaenda Marekani, ulifurahi kuliko mimi. Alikuwa ametoka kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, kule karibu na Bulyanhulu, alikokuwa akishushwa shimoni kwa kamba kwenda kupasua mwamba. Kila ukisikia duara limetitia mahali, ulikuwa huli mpaka apige simu. Kwa hiyo alipopanda ndege ulisema afadhali juu kuliko chini. Akafika, akabeba mizigo kwenye ghala, akaosha magari, akasafisha hospitali. Kisha siku moja akapiga simu kusema ameingia jeshini. Mimi nililia kidogo nikakaa chini. Wewe ukauliza, amepewa kazi gani? Akasema mpishi. Ulicheka mpaka ukakohoa. Mtoto wa Tinde, ukasema, amevuka bahari kwenda kufundishwa kuteka maji na kuchochea moto.

Alitueleza sababu, na alieleza vizuri. Kule mgeni mwenye kibali cha kuishi akilitumikia jeshi, njia ya uraia hufunguka mapema kuliko kwa wengine. Alisema bila uraia anaishi kama mtu aliyekaribishwa akae lakini hajaambiwa avue viatu. Nakumbuka maneno hayo kwa sababu wewe uliyarudia peke yako jioni ile ukikamua, nikadhani umeyapenda.

Halafu ikaja picha. Luhende amevaa sare, mkono wa kulia juu, na wenzake wa kila rangi wamesimama naye kwenye mstari, nao mikono juu. Uliitazama simu yangu mpaka kioo kikazima, nikakiwasha tena. Ukauliza huyu mfupi pembeni yake ametoka nchi gani. Sikujua. Ukauliza, sasa akishaapa hivyo, uraia wa huku unakuwaje? Nikakwambia alichoniambia yeye, kwamba sheria yetu haimruhusu mtu mzima kushika wa nchi mbili, ukichukua wa kule wa huku umekwisha. Ukanirudishia simu, ukachukua fimbo yako, na ulipofika kwenye uzio ukasema bila kugeuka, "Akija, tumchinjie kuku."

Mtu wa mbali angesikia hapo baba anampenda mwanawe. Mimi nilizaliwa hapa. Kuku ni wa mgeni. Mtoto wa nyumbani akirudi anakuta kilichopo, michembe ya viazi vikavu na karanga, au ugali wa jana, na asiponawa upesi anakuta wenzake wamemaliza.

Tangu hapo ukawa na mchezo wako. Akipiga simu unapokea kwa sauti ya mwenyekiti wa kijiji: karibu sana Tanzania. Unamuuliza hali ya hewa ya kwenu ikoje. Kwenu. Mwanzoni Luhende alicheka, akidhani baba ana utani. Baadaye akacheka kidogo. Baadaye akajua saa zako za malishoni, akawa anapiga saa hizo, na mimi nikawa naongea na mwanangu nikiangalia njia kama mwizi.

Nilikusema, huwezi kukataa kwamba nilikusema. Nilikwambia wewe mwenyewe ulitoka Burundi ukiwa mtoto, na karatasi ya uraia wa hapa ilipokuja, uzeeni, ulisaini kuukana uraia wa kule, nawe ulisaini bila hata kuvaa miwani. Kuna tofauti gani? Ukanijibu, "Mimi niliacha nchi iliyonifukuza. Yeye ameacha nchi iliyomlea." Nilikuwa nasonga ugali, mvuke uko machoni, sikupata jibu. Jibu nimelipata sasa. Nitalifikia.

Kwanza nikukumbushe kigoda. Unakijua kisa, ila unakijua kutoka ulikosimama wewe, na mimi nilikuwa upande wa wanawake, nikaona vizuri zaidi.

Ulikuwa kijana wa kuchunga ng'ombe za watu, Mrundi asiye na ndugu, shangazi uliyevuka naye tulishamzika. Jina lako Nyandwi lilitushinda, tukakuita Nyanda ukaitika. Vita vya Uganda vilipokuja ukajiandikisha mgambo kabla hata ya vijana wenye kwao. Nchi hukuwa nayo, ukaenda kuipigania. Ulirudi na buti za jeshi, kikohozi, na shingo imesimama, kwa sababu ulijua sasa umekuwa mtu wa hapa. Nani angekukatalia? Watu wakakushangilia, wakakupa pombe, mama yangu akakupa jogoo. Wiki ileile akafariki baba yangu mdogo. Ukaja msibani na buti zako. Wanaume wote wako shimoni au pembeni ya shimo na majembe, na wewe ukaletewa kigoda na kata ya maziwa.

Hilo ndilo jambo ambalo mtu wa kuja huchelewa kulijua kwetu. Mgeni hasemwi vibaya. Mgeni huketishwa. Unapewa kigoda kizuri, unapewa kinywaji kabla ya wazee, na hakuna anayekupa jembe, kwa sababu anayezika na sisi ndiye tutakayemzika. Wasukuma tuna adabu nyingi katika kumweka mtu nje.

Uliketi kidogo. Ukanywa maziwa, maana ulikuwa na adabu na wewe. Kisha ukainama ukafungua kamba za buti, ukazivua, ukazipanga juu ya kigoda pale ulipokuwa umeketi, ukashuka kaburini miguu mitupu. Baba yangu ndiye aliyekuwa na jembe. Alikutazama, na mimi nilimtazama yeye, maana tayari nilikuwa nimeshakuona na nilitaka kujua itakuwaje. Akakupa. Siku ulipokuja kuniposa hakukuuliza habari za vita hata moja. Aliuliza kama bado unakuja kuzika. Ukasema ndiyo. Mambo yakaisha hapo, yaliyobaki yalikuwa ng'ombe.

Kwa hiyo wewe ulijua. Kati ya watu wote wa kijiji hiki, wewe ndiye uliyejua kigoda kinauma namna gani. Na ukakitengeneza kingine kwa ajili ya mwanao.

Nasema ulikitengeneza kwa sababu mimi niliona msibani kwako jinsi kilivyokuja tayari. Mchezo wako haukubaki kwenye simu. Ulikwenda nao mnadani, ukaenda nao kilabuni, kila aliyekuuliza Luhende hajambo ulimjibu kwamba Mmarekani hajambo, siku akija mumpokee vizuri, ni mgeni wenu. Watu wakacheka na wewe. Jilala, yule nsumba ntale wetu anayewaongoza vijana kwenye kazi na misiba, alicheka na wewe. Lakini neno la baba kuhusu mwanawe hapa halitupwi, liwe la utani au la kweli. Walilihifadhi.

Sasa nikueleze siku zako za mwisho, maana nadhani hukuwepo sana.

Ulipozidiwa pale hospitali ya Shinyanga, Kiswahili kilikutoka kwanza, kisha Kisukuma. Ukabaki na Kirundi. Ulikuwa unaongea sana, Baba Luhende, kuliko miaka yote niliyokaa na wewe, na mimi sikuelewa. Nilijua amahoro, yaani amani, nilijua amazi kwa sababu yako karibu na maji yetu, na nilijua namba, kwa kuwa ng'ombe ulizihesabu kwa Kirundi mpaka mwisho, rimwe, kabiri, gatatu, ukiamini hakuna anayesikia. Ukisema amazi nilikupa maji. Mengine yote nilitikisa kichwa. Labda uliniaga. Labda ulikuwa unamsema mtu. Mbuke binti yetu alitaka kumtafuta mtu wa kutafsiri, nikamkatalia, nikasema baba yenu anaongea na kwao, tumwache. Iliniuma, nasema wazi. Niliona wivu na watu nisiowajua.

Ukafa asubuhi, wauguzi wakiwa wanabadilishana zamu. Tukakuacha chumba cha maiti tukimsubiri Luhende. Jeshi lilimpa ruhusa fupi. Pale uwanja wa ndege wa Mwanza aliyekagua pasipoti yake alimuuliza kwa Kiingereza amekuja kutembea? Akajibu kwa Kiswahili, amekuja kumzika baba yake. Yule kijana akampa pole, akamgongea muhuri wa wageni, maana hana mwingine wa kumgongea.

Alifika Tinde amevaa suti nyeusi na viatu vyenye kung'aa. Amenenepa mashavu. Aliwaamkia wote, shikamoo baba, shikamoo mama, hakumruka hata mmoja, na hapo nilimshukuru Mungu kwamba tulimlea. Kisha asubuhi ya maziko, chini ya turubai, Jilala mwenyewe akamletea kiti. Cha plastiki, cheupe, kimefutwa. Na soda, imefunguliwa, na kitambaa cha kushikia.

Jembe la kwanza kwetu hupigwa na mtoto wa marehemu, wengine wanampokea. Hata wewe ulimwonyesha Luhende hilo alipokuwa mdogo, alipokufa baba yangu, ulimshika mkono. Nilikuwa nimekaa na wanawake, nimejifunika khanga, nikawa nasikiliza. Nikasikia Jilala anasema mgeni apumzike, safari ni ndefu, sisi tutamsaidia. Nikamsikia mwanangu anasema asante sana, Mungu awabariki. Kisha nikasikia jembe. Mkwe wetu, mume wa Mbuke, ndiye aliyelipiga.

Luhende alikaa pale mpaka kaburi likaisha. Macho mekundu, soda ameishika kwa mikono miwili, hainywi haiweki chini. Alidhani wanamheshimu. Miaka yote aliyokaa mbali ilikuwa imemfuta kitu hicho kichwani, au tuseme alikijua zamani kwa miguu yake na sasa miguu imesahau. Mimi nilikasirika. Nilimkasirikia Jilala, nikamkasirikia Luhende, lakini wewe zaidi, na ilikuwa vigumu, maana ulikuwa pale kwenye sanduku na watu wanategemea nilie. Nililia. Nusu ya machozi yale yalikuwa ya hasira, usijisifu.

Matanga yalipokwisha watu wakatawanyika, tukabaki Mbuke, mimi na yeye. Nikamchinjia kuku. Uliniagiza, nikafanya. Nilimpika vizuri kwa karanga, nikampakulia Luhende kwenye sahani ya maua, na firigisi juu, nikamwekea maji ya kunawa. Sisi tukakaa jikoni na michembe yetu.

Alikula kidogo. Nikamwona anageuza kichwa, anatazama meza, anatazama mlango wa jikoni. Akaja na sahani mkononi akasimama mlangoni. "Mayu," akasema, "mbona nakula peke yangu?"

Nikamwambia. Nilimweleza kuku, nikamweleza kiti, nikamweleza jembe la kwanza lilivyompita, nikarudi nyuma nikamweleza kigoda na buti zako, kisa ambacho wewe hukuwahi kumsimulia. Kwa nini hukumsimulia? Ulimsimulia habari za fisi, habari za njaa, habari za kila ng'ombe. Hicho ndicho alichokihitaji.

Alisema, "Nilidhani wananiheshimu." Nikamwambia wamekuheshimu, na hapo ndipo pabaya penyewe. Akauliza kama baba alikufa akiwa anamwona mgeni. Baba Luhende, swali hilo uliniachia mimi na hukuniachia jibu. Nikamwambia sijui, baba yako alimaliza maneno yake kwa lugha nisiyoijua. Akakaa chini sakafuni, akaiweka sahani katikati yetu, tukala kuku sote watatu kwa mikono.

Kesho yake akauliza jembe lako liko wapi. Nikamwonyesha, nyuma ya mlango, kama siku zote. Akalishika mpini, akalirudisha. Nikafikiri basi, limekwisha, ataondoka na huzuni yake na mimi nitabaki na yangu.

Siku yake ya kuondoka, begi liko mlangoni na bodaboda tumeshamwita, tukasikia filimbi ya sungusungu. Unaijua ile ya msiba, ndefu halafu fupi. Bibi Minza amefariki, yule mjane wa upande wa mashariki asiye na mtoto, aliyekuwa anakuuzia ugoro na kukupunja. Kila nyumba itoe mwanaume mmoja na jembe. Nyumba yangu haidaiwi tena, imeandikwa ya mjane. Nikaanza kumtafuta Luhende nimwambie bodaboda inakuja, sikumwona. Nyuma ya mlango hapakuwa na jembe.

Nikafuata na goti langu. Nilipofika, Jilala alikuwa tayari anavuta kiti. Cheupe kilekile, ni cha nzengo nzima, cha majirani wote, kinazunguka na misiba. Akasema karibu mgeni, kaa. Nikajua Luhende atavua viatu aviweke juu ya kiti, maana kisa nilishampa, na moyoni nikaanza kuona haya, nikasema mwanangu atatufanyia maigizo. Hakuviweka. Hakuwa na viatu. Alikuwa ametoka nyumbani peku, suruali amekunja, shati la kulalia.

"Sitakaa, baba," akasema. "Nimekuja kuzika."

Jilala si mtu mbaya. Ana kazi yake, na kazi yake ni kukumbuka nani alizika na nani hakuzika. Akamwambia mbele ya watu wote kwamba leo unazika, vema, na mwezi ujao tukifiwa, utatoka Marekani? Watu wakamgeukia Luhende. Nami ningeuliza vilevile, kama si mwanangu.

Luhende akasema, "Sitatoka. Ila nikiwa hapa, sikai."

Jilala alifikiri. Nilimwona anafikiri, anakuna shingo. Kisha akasogea pembeni ya shimo, na Luhende akashuka.

Ningependa nikuandikie kwamba alichimba lile kaburi kama simba, yule mchimbaji wa maduara. Hapana. Mikono ya mpishi ni laini, Baba Luhende. Udongo wa juu ulimkubali, walipofika kwenye ule mgumu mweupe malengelenge yakapasuka, akaanza kushika mpini kwa vidole. Wenzake wakamwona. Mmoja akasema, jamani mpeni mwiko, huyu amezoea mwiko. Mwingine akasema, Mmarekani anachimba kaburi au anapima chumvi? Wakacheka, ndani ya kaburi la Bibi Minza, na Luhende akacheka nao huku damu inamtoka, akawajibu kwamba nyinyi mngepewa sufuria la jeshi mngezama. Hata Jilala alicheka.

Mimi nikasimama pale nikaelewa. Mgeni hataniwi. Siku zote zile hakuna aliyemtania mwanangu hata kwa neno moja, walikuwa wanamwita mheshimiwa. Nikajifunika uso, wanawake wakadhani namlilia Minza. Mungu anisamehe, Minza sikumlilia sana.

Basi la asubuhi lilimwacha. Akapanda la mchana pale njia panda, miguu ina udongo, hakukubali kunawa zaidi ya uso. Ndege ikambidi abadilishe, akachelewa kazini, na jeshi halikufurahi. Wamempa adhabu ya kusugua masufuria ya kambi nzima mpaka watakapochoka wao. Ananiambia kwenye simu huku anacheka, na nyuma yake nasikia masufuria.

Na sasa jibu lako. Siku moja nilimuuliza anafanyaje kupika chakula cha watu wengi hivyo bila kukosea chumvi. Akasema, Mayu, nahesabu vijiko. Nikamuuliza unahesabuje. Kama mtu aliyekamatwa, akasema, imo, ibili, idatu. Kwa Kisukuma. Amesema mkubwa wake, ambaye naye alitoka nchi nyingine, hukoroga huku anahesabu kwa lugha yake, na hakuna anayemuuliza.

Basi mtu huapa kwa Kiingereza na kuhesabu kwa Kisukuma. Wewe ulizika na sisi miaka yote na kuhesabu kwa Kirundi, na ulipokufa unaongea na Burundi hakuna hata mmoja hapa aliyesema umeondoka kwetu. Tulikuzika. Ulichodai kwa Luhende hukuwahi kukitimiza mwenyewe, na mimi nilikupenda hivyohivyo. Hilo ndilo jibu langu. Ukilipata huko, usinijibu kwa mzaha.

Nadhani pia najua ulichokuwa unaogopa. Hukuwa na hasira na kiapo. Ulifika hapa bila ndugu hata mmoja, ukatengeneza ukoo kwa jembe, na mtu wa kwanza wa ukoo huo akaenda kuwa mtu wa kwingine, kama vile ulivyofanya wewe. Ungesema tu kwamba unaogopa. Ningesitisha ugali nikakusikiliza.

Jana tulimzika mzee mmoja wa upande wa mabwawa. Jilala alisimama na kuita nyumba, kama kawaida yake, nani amekuja na nani hakuja. Alipofika kwako hakunitazama mimi mjane aniruke kama anavyofanya. Akaita, "Kwa Nyanda?" Nikafungua mdomo niseme sina mwanaume. Kabla sijasema, akajijibu mwenyewe, "Yuko kazini," akaendelea na nyumba inayofuata. Ndivyo wanavyosema kuhusu vijana walioko zamu Bulyanhulu.

Nakuaga, Baba Luhende. Goti linauma na taa inapungua mafuta. Jembe lako liko nyuma ya mlango, sijalifuta udongo wa Minza, mpini una alama ya damu ambayo nimeamua ni ya nyumba hii. Wasalimie hao uliokuwa unaongea nao, uwaambie nilitikisa kichwa kwa heshima.

Ruhusa yake nyingine hatujui itatoka lini. Lakini nakuahidi jambo moja, na safari hii usilitie utani. Akija, sitamchinjia kuku. Atakuta kiporo.

Mimi mkeo,
Mama Luhende